Picha tatu za babu: tarbushi, pama na lori. Nitajuaje alikuwa kikosi gani?

Kitukuu wa Keya (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Kwenye sanduku la bati la bibi, hapa Magomeni, kuna picha tatu ambazo ukoo mzima unasema ni za "babu aliyepigana Bama", yaani Burma, Myanmar ya leo. Babu alizaliwa kati ya 1918 na 1920. Hakuacha cheti cha jeshi wala medali. Naeleza picha zilivyo, maana zenyewe bado sijaziskani.

Picha ya 1: ngumu kama kadi, sentimita 9 kwa 14. Mtu kasimama, tarbushi ya kaki yenye kitambaa kinachofunika shingo kwa nyuma, mbele ya tarbushi kuna kitu cha chuma kama ndege aliyetanua mbawa. Mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, kuna tepe mbili za V, nyeusi tii. Bunduki ndefu sana. Nyuma ya kadi kumechapwa "Postkarte".

Picha ya 2: ndogo, sentimita 6 kwa 9, imeganda kwenye kioo cha fremu. Kijana kavaa kofia ya pama, ukingo umekunjwa juu upande wa kulia. Kifuani kulia kuna vipande viwili vya utepe. Begani pameandikwa RAK, na R imegeukia upande usio wake. Nimeitafuta RAK mtandaoni mpaka nimechoka.

Picha ya 3: watu 11 kando ya lori, hakuna mwenye bunduki. Begani kuna herufi EAA, moja haisomeki, halafu C. Nyuma yao ni duka lenye kibao cha maandishi ya mviringo mviringo, si Kiarabu.

Maswali: huyu ni mtu mmoja? Kikosi gani? Fundi wa steshenari anataka kuibandua ya 2 kwenye kioo kwa maji ya uvuguvugu ndipo aiskani, nimkubalie? Na majina ya askari mtu wa Dar anayatafutia wapi?

---

Sanduku la Bibi

Naanza na la dharura. Usimkubalie! Ichukue picha yako uondoke nayo.

Picha ya zamani ina tabaka la jelatini juu ya karatasi, na jelatini ndiyo iliyobeba sura ya mtu. Unyevu wa Dar ukiingia kati ya picha na kioo, jelatini inalainika na kushika kioo kama gundi. Ukiweka maji inavimba, ukivuta karatasi inakuja mkononi na uso wa babu unabaki kwenye kioo. Hiyo skani hivyo hivyo ikiwa na kioo chake. Futa kioo upande wa nje tu, kwa kitambaa kikavu. Skana ya kawaida ya mezani inavumilia unene wa kioo cha milimita 2, ingawa zile nyembamba za bei nafuu picha itatoka na ukungu kidogo. Ikitoka na ukungu, tumia simu: fremu iwe mezani karibu na dirisha, taa za chumbani zimezimwa, simu imelala sambamba na picha, flashi imezimwa, na shikilia kitambaa cheusi juu ya simu chenye tundu la lenzi ili kioo kisirudishe sura ya dari.

Steshenari nyingi skana imewekwa dpi (nukta kwa inchi) 200 au 300 na inatoa PDF, kwa sababu kazi yao kubwa ni vyeti vya shule na NIDA. Mwambie abadilishe. Kadi ya 9 kwa 14 inataka dpi 600, utapata pikseli kama 2,126 kwa 3,307. Ile ndogo ya 6 kwa 9 iwe dpi 1,200, pikseli 2,835 kwa 4,252. Hifadhi kwa TIFF, faili lisilopoteza ubora, kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu madoa ya kahawia yakiwa na rangi yake ni rahisi kuyatofautisha na wino uliofifia. Zima kila kitu kinachoitwa kung'arisha au kuondoa vumbi. Programu ya kuondoa vumbi haijui tofauti ya chembe ya vumbi na kifungo.

Skani na migongo pia, zote. Kisha kila mgongo uupige picha mara ya pili kwa tochi iliyolazwa karibu sawa na meza, mwanga upite kwa pembeni. Penseli iliyofutika inaacha mfereji kwenye karatasi na mhuri wa studio uliokandamizwa unaacha bonde. Kwa mwanga wa juu huvioni, kwa mwanga wa pembeni vinatoa kivuli.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa, na kitu cha kwanza kupotea ni herufi za begani.

---

Ombasha

Picha ya 1 sio Bama, mkuu. Na sio Mwingereza.

Tarbushi ya kaki yenye tai wa chuma mbele ni ya askari wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani hapa Afrika Mashariki. Neno "Postkarte" peke yake lisikuvimbishe kichwa, karatasi za kadi za Kijerumani ziliuzwa sehemu nyingi. Ila tai, tepe na karatasi vikikubaliana, ubishi umekwisha.

Tepe: askari wa Mjerumani walivaa V nyekundu mkono wa kushoto tu. Moja ni ombasha, mbili shaushi, tatu betshaushi, nne sol. Efendi hakuvaa tepe, alivaa nyota mabegani. Majina hayo ni ya Kituruki, yaliingia na askari wa Kisudani wa mwanzo. Huyo wako ni shaushi.

Sasa bunduki. Tazama mbele ya kikinga kidole cha kufyatulia. Kama hakuna kasha la risasi linaloning'inia chini, na mtutu ni mrefu, kuna uwezekano mkubwa ni Mauser ya 1871, ile ya risasi moja moja iliyotoa moshi mzito. Mwaka 1914 makampuni mengi ya askari yalikuwa bado nayo, machache yalikuwa na Mauser 98. Lee-Enfield ya Mwingereza ina kasha la risasi 10 linaloonekana wazi kwa chini, na pua yake butu, mbao na chuma vinakwenda hadi karibu na mdomo wa mtutu. Mauser mtutu unachomoza mbele.

Tarehe: Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na jeshi la Mjerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Picha iliyotulia hivi, ya studio, na nguo zilizopigwa pasi, ni ya kabla ya mji kutekwa. Kwa mtu aliyezaliwa 1918 hesabu haikubali. Kama ni wa ukoo wenu, tafuta kizazi cha juu: baba yake babu, au baba mdogo wake.

Na hapa wengi wanajikwaa. Batalioni ya 6 ya Keya, askari Waafrika wa Mwingereza, ilianzishwa 1917 na ilijazwa kwa sehemu kubwa na askari waliokuwa wa Mjerumani. Kwa hiyo ukikuta mtu mwenye sura hii hii kwenye picha nyingine akiwa na nguo za Mwingereza, usikimbilie kusema ni pacha wake.

---

Fundi Negativu

RAK haipo duniani, pumzika kuitafuta. Hiyo ni KAR, King's African Rifles, Keya wenyewe, picha imesafishwa kinyume. Negativu iliwekwa upande wa dawa ukitazama juu badala ya kutazama karatasi, basi kushoto kukawa kulia. Umetoa dalili tatu wewe mwenyewe bila kujua: R imegeuka, tepe za medali ziko kifua cha kulia wakati zinavaliwa kushoto, na ukingo wa pama umekunjwa kulia wakati kwa kawaida ulikunjwa kushoto. Ya nne itazame kwenye vifungo. Shati la mwanamume upande wa kushoto wake ndio unaolala juu. Kwenye picha yako naamini unalala wa kulia.

Ungekuwa na bunduki ingekuwa rahisi zaidi. Kishikio cha kukokia kiko upande wa kulia kwenye Lee-Enfield na kwenye Mauser. Ukikiona kushoto, geuza picha kabla hujasema neno lolote.

Basi skani, geuza kushoto-kulia, hifadhi nakala iliyogeuzwa kwa jina tofauti. Usiifute ya kwanza. Kisha kuza vipande vya utepe tu na utuambie: kila kimoja kina mistari mingapi, upi mweupe, upi mweusi, upi mpana, ukianzia katikati ya kifua kwenda kwapani.

Kuhusu tepe "nyeusi tii" za picha ya 1, Ombasha yuko sawa kwamba zilikuwa nyekundu. Sababu ni filamu. Filamu na bamba za kioo za enzi hizo, othokromatiki, hazikuuona mwekundu, kwa hiyo mwekundu unatoka mweusi na bluu inatoka nyeupe kuliko macho yanavyotarajia. Sweta ya bluu ya askari inaweza kuonekana ya kijivu. Filamu za pankromatiki, zilizoenea miaka ya 1930 na kuendelea, zinaona rangi zote, mwekundu unatoka kijivu cha kati. Ndiyo maana kusoma utepe wa medali bila kujua filamu ni kubahatisha. Na zile programu za kupaka rangi picha za zamani ndizo zinazoharibu kabisa: zinaona kijivu, zinachagua rangi zenyewe, halafu mtu anakuja hapa kutuuliza "medali ya kijani" ni ipi.

---

Kitukuu wa Keya

Wakuu nashukuru mno. Fundi wa pili nimempata Kariakoo, dpi 1,200 na TIFF kaifanya bila kunung'unika. Nimegeuza. Ni KAR kweli, na shati sasa linalala kushoto.

Utepe wa kwanza, ulio karibu na katikati ya kifua: mistari mitatu mipana sawasawa, mweusi, kijivu, kijivu cheupe. Wa pili: karibu wote ni wa giza, ila una vistari viwili vyembamba vyeupe, kimoja kila upande, na katikati ni pana na kuna kijivu cha giza.

Jingine: juu ya mkono kuna kiraka, kama kichwa cha mnyama mwenye pembe puani. Mdogo wangu ameiingiza kwenye programu ya AI ya kusafisha sura na imetoa nyati mzuri kabisa, kila unywele unaonekana. Ni nyati?

---

Fundi Negativu

Ni kifaru. Huyo nyati kachorwa na programu. Hizo za kusafisha sura hazitoi kitu kilichojificha kwenye picha. Zinakisia kutokana na mamilioni ya picha nyingine, na pale kwenye pikseli kumi na tano za kijivu zinachora kitu kinachopendeza. Usoni zinakupa macho ya mtu mwingine. Nakala hiyo itengeni kabisa, maana miaka kumi ijayo hakuna atakayekumbuka ipi ni ya kweli.

Kukuza kwa haki ni huku: kata kipande, kikuze mara nne bila kulainisha, kisha cheza na mwanga na giza tu. Ukiona pembe moja puani na nyingine ndogo nyuma yake, kifaru. Nyati pembe zinatoka kichwani.

Utepe wa medali sasa. Wa kwanza ni wa Nyota ya 1939–45, medali ya Vita ya Pili: bluu iliyokoza, nyekundu, bluu nyeupe, sawa kwa sawa. Huvaliwa wa kwanza. Wa pili ni Nyota ya Burma: bluu iliyokoza, nyekundu pana katikati, na ndani ya kila bluu kimstari cha machungwa. Hivyo vistari vyembamba vyeupe ni machungwa. Ingekuwa Nyota ya Afrika ungeona kinyume: kitambaa cheupe cheupe, giza katikati, na vimstari viwili vyembamba, kimoja cha giza na kimoja cha mwanga.

Nyota ya Burma ilianzishwa Mei 1945. Hiyo ndiyo tarehe yako ya chini, picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Na kwa kuwa hakuna utepe wa Medali ya Vita wala ule wa Ulinzi, ambazo askari wengi walizivaa baadaye, mimi naiweka kati ya katikati ya 1945 na 1946, kabla hajarudishwa nyumbani au muda mfupi baada ya hapo.

---

Mpekuzi wa Upanga

Kifaru kinabeba mzigo mkubwa hapa. Kichwa cha kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ndiyo iliyoshuka bonde la Kabaw, Burma, kwenye mvua za 1944, ikaingia Kalewa Desemba mwaka huo, ikavuka mto Chindwin, kisha ikarudishwa India kupumzika.

Batalioni za Keya za Tanganyika zilizokwenda Burma:

26 KAR, brigedi ya 25, ndani ya Divisheni ya 11.
36 KAR, brigedi ya 26, ndani ya Divisheni ya 11.
46 KAR, brigedi ya 28, iliyojitegemea, ikapigana mto Irrawaddy mwanzoni mwa 1945.

Mtu wa Tanganyika mwenye KAR begani, kifaru mkononi na Nyota ya Burma kifuani, nafasi ya kwanza ni 26 au 36. Nasema nafasi ya kwanza kwa sababu askari walihamishwa, na vijana wa mipakani waliandikishwa na batalioni za Nyasaland, Kenya na Uganda vilevile. Mtu wa Kyela angeweza kabisa kuwa kwenye 22 KAR ya Nyasaland. Kwa hiyo uliza kwenye ukoo aliandikishwa wapi. Swali la alizaliwa wapi halitoshi.

Na usichanganye na 1/6 KAR, batalioni nyingine ya Tanganyika. Hao walikwenda Uhabeshi 1941, ndiko Colito, ambako Sajenti Nigel Leakey alipata Victoria Cross, nishani ya juu ya ushujaa ya Mwingereza, baada ya kufa, na Colito ndilo lilikuwa jina la kambi iliyoasi Januari 1964, Lugalo ya leo. Kisha wakaenda Bukini (Madagaska) 1942. Askari wa 1/6 wa Uhabeshi angetarajiwa kuwa na Nyota ya Afrika. Babu wako hana, kwa hiyo hadithi yoyote ya "babu alimpiga Mtaliano" iwekeni pembeni kwanza.

Picha ya 3: EAA na C mwishoni kuna njia tatu za kawaida. EAASC ni kikosi cha usafirishaji na posho, madereva. EAAMC ni waganga. EAAOC ni ghala la silaha na vifaa. Lori halithibitishi madereva, kila kikosi kilipanda lori. Tafuta msalaba kwenye gari au kitambaa cha mkononi, hapo ni waganga. Tafuta namba ya gari: ikianza na L ni lori, ikianza na A ni gari la wagonjwa. Na pima nafasi ya herufi isiyosomeka. M ni pana kuliko S kwenye vibati vile vya begani, kwa hiyo linganisha upana wa pengo na upana wa herufi A iliyo jirani.

Kibao cha dukani kikuze. Maandishi yanayoning'inia kwenye mstari mmoja wa juu kama nguo kwenye kamba ni ya Kihindi, na picha ni ya India. Yanayofanana na duara kamili zilizokatwa pembeni ni Kiburma. Ya mviringo yenye mikia na vikunjo ni Kisinhala, na hapo uko Ceylon, Sri Lanka ya leo, ambako Divisheni ya 11 ilifanya mazoezi kabla ya kupelekwa Burma. Yangekuwa vijimti vyenye miguu, kila herufi peke yake, ni Kihabeshi.

Je, ni mtu yule yule wa picha ya 2? Mwenye KAR begani na mwenye EAA-C ni vikosi viwili, ingawa uhamisho ulikuwepo. Usilinganishe masharubu wala unene, vinabadilika kwa mwezi mmoja. Linganisha masikio: ndewe imeshikana na shavu au inaning'inia, mkunjo wa juu umekaaje. Linganisha chale na mwanya. Na tumia nakala iliyogeuzwa, ama sivyo utakuwa unalinganisha sikio la kulia na la kushoto.

---

Ombasha

Naongeza moja kwa mpekuzi: masikio hayatoshi kwa ndugu wa tumbo moja. Kaka wawili kwenda vita moja lilikuwa jambo la kawaida. Kama familia ina jina la kaka yake babu aliyekuwa dereva, picha ya 3 muulizieni huyo kwanza.

Na kwa picha ya 1, kabla hujaandika "shaushi wa Dar", kumbuka mwaka 1914 kampuni za askari zilikuwa 14 na zilitawanyika: ya 10 hapa Dar es Salaam, ya 2 Iringa, ya 3 Lindi, ya 8 Tabora, ya 12 Mahenge, ya 14 Mwanza. Studio ya Dar ilipiga picha mtu yeyote aliyepita mjini. Mhuri wa studio unakwambia aliposimama siku ile, kituo chake ni swali jingine.

---

Kitukuu wa Keya

Nyuma ya picha ya 3 tochi ya pembeni imetoa namba ya penseli, herufi mbili, mkwaju, halafu tarakimu tano. Jina halipo. Naipeleka wapi?

---

Mpekuzi wa Upanga

Hiyo ndiyo mali. Namba ina thamani kuliko jina. Karani wa jeshi aliandika jina alivyosikia: Athumani anaweza kuwa Asman, Othman au Asumani, na wengine walijiandikisha kwa jina la mjomba au la kijiji. Namba haikubadilishwa na masikio ya karani. Inakili kama ilivyo, herufi, mkwaju, kila kitu, usiondoe herufi za mbele ukidhani ni pambo. Usiiweke hapa hadharani ikiwa na jina la familia.

Kwanza, Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tovuti yao inatafuta kwa namba ya jeshi, bure. Ila ni ya waliokufa vitani tu. Babu aliyerudi akazeeka Magomeni hayumo, na kutokumwona hakumaanishi hakupigana. Aliyekufa Burma bila kaburi linalojulikana mara nyingi yuko kwenye mnara wa Rangoon, uliopo Taukkyan. Kwa Afrika Mashariki kuna mnara wa Nairobi, na humo wamo wengi wa meli ya Khedive Ismail iliyozamishwa na Wajapani tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwemo wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ukoo wenye ndugu aliyeondoka na hakurudi mwanzoni mwa 1944, jaribuni hapo.

Kwa Vita ya Kwanza punguza matumaini. Askari wengi Waafrika na karibu wapagazi wote, wale wa Carrier Corps walioiachia Kariakoo jina lake, hawakuandikwa majina kwenye makaburi. Kamisheni yenyewe ilikiri hivyo kwenye ripoti ya 2021. Sanamu ya Askari pale Posta, iliyozinduliwa 1927, inawakumbuka wote kwa pamoja bila jina hata moja.

Pili, Nyaraka za Taifa, hapa Upanga. Usiende ukiuliza "faili la babu", halipo kwa namna hiyo. Uliza majalada ya utawala ya wilaya aliyotoka babu, ya miaka ya 1940 hadi 1948: uandikishaji, posho za familia za askari, kurudishwa makwao baada ya vita. Vitabu vya wilaya vina orodha za machifu na majumbe, na hilo linasaidia kwa sababu askari aliandikwa pamoja na jina la jumbe wake. Piga simu kabla uulize utaratibu wa kibali na ada. Nenda na penseli, kalamu ya wino haingii chumba cha kusomea.

Tatu, hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew. Shajara za vita za batalioni zilizokuwa Burma zipo kwenye fungu la WO 172, za Uhabeshi na kwingine WO 169, za Vita ya Kwanza WO 95. Shajara inataja maofisa kwa majina na askari kwa idadi, kwa hiyo usitegemee kumwona babu. Utakachopata ni wapi 36 KAR ililala tarehe fulani. Kwa picha ya Mjerumani, chuo kikuu cha Frankfurt kina hifadhi kubwa ya picha za makoloni, inatazamwa mtandaoni. Linganisha tarbushi na mapazia ya studio.

Na medali. Kama shangazi yeyote ana medali ya Vita ya Kwanza, tazama ukingoni kwa kioo cha kukuzia: namba, jina na kikosi vimechongwa kwenye unene wa duara. Nyota za Vita ya Pili serikali ilizitoa bila jina, kwa hiyo nyota tupu si ya bandia.

---

Sanduku la Bibi

Kabla hazijarudi kwenye bati: bati la Dar linatoa jasho usiku. Kila picha iwe kwenye bahasha yake ya karatasi isiyo na gundi ndani. Plastiki inafungia unyevu, iache. Vile vipakiti vya kunyonya maji vya kwenye maboksi ya viatu viwekwe kona ya bati, visiguse picha, na vibadilishwe kila baada ya miezi michache. Ya kioo ilazwe peke yake, uso juu.

Kwenye mgongo andika kwa penseli laini ya 2B, pembeni, bila kukandamiza. Na andika unachokijua tu. Kwa picha ya 1: "Shaushi wa Schutztruppe, kabla ya Sept. 1916, jina halijathibitishwa." Ukiandika "babu" leo kwa sababu ukoo unasema hivyo, mjukuu wako ataikuta kwa mwandiko wako na atakuamini.

---

Kitukuu wa Keya

Nimeandika hivyo hivyo. Shangazi yupo Tandika na kumbe ana fremu nyingine mbili, nazo zimeganda kwenye kioo. Naenda Jumamosi na tochi.